Kutoa na Kupokea: Tanzania na Ujerumani

Washarika wengi wa Nyakahanga tunawafahamu Wajerumani kama wageni wa sharika rafiki, wanaoketi nasi ibadani na kuleta salamu. Lakini uhusiano huu haukuanza kwa urafiki, na umewahi kukatika. Ni vema tuijue habari yake, maana inahusu jambo tulilo nalo leo: namna ya kutoa na namna ya kupokea.

Ujerumani iliingia nchini mwaka 1885 kama mtawala. Ukatili wake ulionekana wazi katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, ambapo watu wengi mno walikufa, wengi wao kwa njaa. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910 wakiongozwa na Ernst Johanssen. Hata hivyo, walikuta Wahaya waliokwisha kupata Neno kwa njia ya Uganda. Injili ilikuwa imetangulia.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari Wajerumani. Walirudi, na Vita ya Pili ikawaondoa tena. Ndugu kutoka Sweden walikuja kusaidia, akiwemo Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa kwanza mwaka 1961. Lakini nyakati zote mbili waliobaki na kundi ni wainjilisti na wazee wa hapa hapa. Mzungu aliondoka, sala haikuondoka.

Mara ya tatu yalikuwa magomvi ya serikali. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa na ubalozi wa Ujerumani Mashariki. Muungano ulipofika Aprili, Ujerumani Magharibi ilitaka ubalozi huo uondolewe. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati: Februari 1965 Ujerumani Mashariki ikaruhusiwa kuwa na konseli kuu tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn ilikasirika ikakata msaada wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwamba ikiwa msaada ni kamba ya kutufunga, basi waondoe na msaada mwingine wote wa serikali yao. Nchi maskini, yenye uhuru wa miaka mitatu tu, ilikubali hasara ili isiamuliwe rafiki zake. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha lilionya kuwa zawadi na mikopo yaweza kuhatarisha uhuru.

Uhusiano wa makanisa ulidumu, ukabadilika sura. Josiah Kibira, askofu wetu wa kwanza Mwafrika tangu 1964, alichaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani. Dayosisi ya Karagwe ilizaliwa 1979. Mwaka 1996 misheni ya Wuppertal, iliyorithi kazi ya Betheli, iligeuka kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, UEM, na Karagwe ni mwanachama kamili. Kanisa lililokuwa likitumiwa wamisionari sasa linaketi mezani na kupiga kura. Nazo serikali zimesogea: Novemba 2023 Rais Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji.

Leo makanisa ya Ujerumani yanapoteza waumini, na fedha zao zinapungua. Wapo wanaouliza kwa hofu: tutafanyaje? Swali hilo linaonyesha kwamba tumezoea kunyoosha mkono mmoja tu. Mtume Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, Wamakedonia waliokuwa katika umaskini mkubwa ndio waliosihi waruhusiwe kutoa. Yerusalemu ilikuwa imewapa Injili. Wao wakarudisha mkate. Hakuna aliyekuwa ombaomba kati yao.

Nasi tusijidharau. Mwaka 1861 Mukama Rumanyika wa Karagwe aliwapokea wasafiri Waingereza Speke na Grant. Grant aliugua mguu, akabaki miezi kadhaa akitunzwa na wenyeji wake. Wazungu wale wa kwanza walifika Karagwe kama wahitaji, na babu zetu waliwapa.

Basi tuwapokee rafiki zetu kwa shukrani, bila kuinama. Mkungu wa ndizi, kahawa ya sadaka, maombi kwa ajili ya sharika zao zinazopungua: hivi navyo ni vipawa. Rafiki wa kweli hutoa, na hujua pia kupokea.