Hezekia na Mkate wa Tini: Imani, Ukweli na Maumivu ya Saratani Ngara na Biharamulo

Mgonjwa wa saratani kutoka Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, akifika hospitali ya rufaa ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wahudumu hawakawii kuitaja dini: familia ilikuwa kwenye maombi. Kabla ya kuilaumu imani, tuitazame kwanza barabara. Mtu wa Rulenge, wilayani Ngara, anayehitaji mionzi huelekezwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, alikuwa pia na kivuko cha kusubiri. Bugando ilipokuwa haijapata mashine, safari ilikuwa ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ng'ambo ya pili ya nchi. Nauli ni ya wawili, maana hakuna anayekwenda bila msindikizaji, na ng'ombe huuzwa mgonjwa akiwa bado hajapimwa. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, haisubiri fedha hizo zipatikane.

Imani huanza kuwa na uzito wake pale daktari anaposema, “Mrudisheni nyumbani mkamhudumie.” Jibu la familia linajulikana: tumwachie Mungu. Sina ugomvi na jibu hilo. Ninachokitilia shaka ni mambo mawili yanayoongozana nalo: mgonjwa kufichwa hali yake, na dawa ya maumivu kuonekana kama kumkatia Mungu tamaa.

Tuanze na ukweli. Shangazi na baba wadogo hukubaliana kwamba mama asiambiwe, kwa kuwa akijua atakata tamaa. Kila anayeingia chumbani humwambia atapona kwa jina la Yesu, naye huitikia amina ili asiwavunje moyo. Mwili wake ulishamweleza zamani. Hivyo hubaki na swali la shamba, la deni, la mtoto wa mwisho atakayelelewa na nani, bila mtu wa kuongea naye. Kinachoitwa kumlinda kinamwacha peke yake. Maandiko yenyewe hayaungi mkono desturi hii. Katika Wafalme wa Pili, sura ya 20, nabii Isaya anamwambia mfalme Hezekia, aliye mgonjwa, waziwazi kwamba atakufa na aweke sawa mambo ya nyumba yake. Ni baada ya kuusikia ukweli huo ndipo mfalme anageukia ukutani na kuomba. Tena, maombi yakiwa yamekwisha kujibiwa, nabii anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

Atatokea wa kunikumbusha kwamba Hezekia alipona, akaongezewa miaka 15. Ni kweli, na wengi wa wagonjwa ninaowazungumzia hawataongezewa. Lakini hoja yangu haitegemei kupona kwake. Hakuna aliyeona tini kuwa tusi kwa Mungu.

Jambo la pili ni dawa ya maumivu. Mofini ya kunywa ni dawa sahili: unga uliochanganywa na maji, unaotolewa kila baada ya saa nne, kipimo kikipandishwa kadiri maumivu yanavyopanda, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mitaani inasemwa kuwa ni dawa ya kumwahisha mtu kaburini. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi katika Jimbo la Rulenge-Ngara, suala hili lilijibiwa mwaka 1957, Papa Pius wa 12 alipowaambia madaktari kuwa kutuliza maumivu ya anayekufa ni halali, hata kama dawa ingeweza kufupisha maisha yake, ilimradi kifo si lengo. Mahubiri juu ya Ayubu tunayo ya kutosha. Juu ya tamko hili ni machache mno.

Na Kanisa hapa haliwezi kusema kuwa dawa ni mambo ya serikali. Hospitali ya Murgwanza ni ya Waanglikana, ya Rulenge ni ya Wakatoliki. Kila upande, mimbari na wodi viko chini ya askofu mmoja. Padri anayekwenda kutoa Mpako wa Wagonjwa angeweza kuuliza, kabla ya kufungua kichupa cha mafuta, kama mgonjwa amelala usiku uliopita. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zinajua kila nyumba yenye mgonjwa, jambo ambalo zahanati nyingi hazilijui. Wanajumuiya hupeleka kuni, maji na rozari. Kwa nini wasipeleke pia taarifa kwa muuguzi?

Uganda, jirani wa Kagera, ilishapita njia hii ya kumfikishia mgonjwa mofini nyumbani. Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini. Selian, hospitali ya Walutheri huko Arusha, iliingia katika tiba shufaa (tiba ya kutuliza maumivu) ya majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990.

Maelfu waliokwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila hawakuwa wajinga. Hata viongozi wa serikali walikwenda. Nadhani wengi walikwenda kwa sababu hospitali haikuwa na neno jingine la kuwaambia baada ya “mrudisheni nyumbani.” Muuguzi mwenye chupa ya mofini na ruhusa ya kuitoa angekuwa nalo.