Jiko na Shahada

Mwaka 1331, au karibu na mwaka huo, jahazi lililomchukua Ibn Battuta, mwanachuoni na msafiri wa Tangier, lilitia nanga mbele ya mji wa Mogadishu, na kabla abiria hawajakanyaga nchi kavu wakajiwa na vijana wa mji ndani ya mashua ndogo ndogo, kila kijana na sahani yake ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mmoja katika matajiri waliomo jahazini na kunadi mbele ya watu kwamba huyo ni mgeni wake. Tajiri akishaipokea sahani ile, naye si mzoevu wa kuzuru mji huo, hakuwa na hiari ya kufikia kwingine, na aliyemkaribisha ndiye aliyesimamia kuuzwa kwa bidhaa zake na kununuliwa kwa haja zake. Ibn Battuta hakuwa mfanyi biashara. Walipoambiwa kuwa ni mtu wa ilimu, kadhi mwenyewe alishuka pwani kumlaki, na mtawala wa mji akaamuru apewe makazi katika nyumba ya wanafunzi, ambamo alikaa siku tatu akiandikiwa chakula mara tatu kila siku: wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya kuku na nyama na samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na maziwa ya mgando yaliyoandamana na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi na embe.

Nimetanguliza habari hii kwa sababu ndani yake mgeni na mwanafunzi, ambao karne zilizofuata ziliwafarikisha, wamelala chini ya dari moja na kula katika sinia moja. Leo watu wasikiapo kwamba mtoto wa fulani amekwenda chuo kikuu kusomea uongozi wa hoteli na utalii, aghalabu huguna, wakauliza ni ilimu gani hiyo ya kutandika kitanda hata imtake mtu miaka minne na karo ya kuuza shamba. Swali hilo lina adabu mbaya lakini halina ujinga, na walioliuliza mwanzo, kama tutakavyoona, walikuwa ni wenye hoteli wenyewe.

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, takrima ilikuwa na walimu wake zamani kabla ya kuwa na madarasa. Mtoto wa kike alifunzwa na somo yake namna ya kumpokea mgeni, mahali pa kumketisha, wakati wa kuchoma udi na wakati wa kuleta mrashi. Mtoto wa kiume alipewa birika na tasa akazunguka nayo barazani, akianza na mkubwa wa umri, akimimina maji kwa kiasi cha kutosha mikono pasi kulowesha busati, na ole wake amruke mzee mmoja. Mpishi wa shughuli, yule aitwaye penye harusi na hitima, naye alikuwa na chuo chake, kikali kuliko vingi. Mwanafunzi aliingia kwa kuchagua mchele na kumenya vitunguu, akakaa katika vitunguu hata macho yakazoea. Baada ya muda akaruhusiwa kuvikaanga, na hapo ndipo mtihani ulipokuwapo, maana kitunguu cha pilau kikitolewa mapema wali huwa mweupe kama wa mgonjwa, na kikichelewa kwa dakika moja huwa mchungu, wala hakuna maji yatakayouondoa uchungu huo katika sufuria ya watu mia mbili. Mwisho kabisa alifundishwa kupalia: kujua ni makaa mangapi yawekwe juu ya mfuniko na mangapi yabaki chini, jambo ambalo mpishi hulipima kwa kuweka kiganja karibu na mfuniko na kusikiliza mlio wa ndani. Hakukuwa na cheti. Siku bwana harusi mmoja alipomwita yeye badala ya mwalimu wake, ndiyo siku aliyohitimu.

Ukoloni ulileta aina nyingine ya mgeni, alipaye, na aina nyingine ya nyumba ya kumpokea. Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1904, na Dar es Salaam ya Wajerumani nayo ikapata Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa. Nyuma ya nyumba hizi, mahali wageni wasipoingia, walikuwapo wapishi wa Kigoa waliokuja na ujuzi wao wa majikoni ya meli, na pamoja nao Waswahili, Wakamba, Wanyamwezi na wengineo walioanza kwa kuosha masufuria wakapanda polepole hata kushika kisu kikubwa. Katika nyumba za walowezi mafunzo yalikuwa ya haraka zaidi na ya amri zaidi. Kitabu cha mapishi walichokitoa kina mama wa kanisa la St Andrew's la Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi kilikuwa na sehemu ya maneno ya Kiswahili ili bibi wa nyumba apate kumwambia mpishi la kufanya, na si vigumu kukisia ni nani katika wawili hao aliyekuwa akimfunza mwenziwe.

Cheti cha mpishi wa zama zile kilikuwa ni barua ya bwana wake wa mwisho, aliyoikunja na kuihifadhi kwa miaka kama hati ya kiwanja. Barua hizo zilisifu, na nyingine zilikejeli. Na kwa kuwa wengi wa wenye kuzichukua hawakujua kuzisoma, mtu aliweza kutembea mji mzima, mlango hata mlango, akionyesha kwa heshima karatasi iliyomwita mwivi au mlevi. Katika Kenya kukaongezwa kipande, kilicholazimishwa tangu mwaka 1920 hivi na kuvaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, ambacho kiliandikwa jina la mwajiri na mshahara, kwa hivyo mpishi hodari aliyetoka katika nyumba ya bahili hakuweza kudai zaidi pengine, kwani ushahidi wa unyonge wake ulikuwa ukining'inia kifuani. Mtu akikuuliza kwa nini wazee wa kazi hii walitamani sana watoto wao wapate karatasi yenye muhuri wa serikali, jawabu ni hilo.

Ulaya, wakati huo, karatasi hiyo ilikwisha buniwa. Mwaka 1893 chama cha wenye hoteli wa Uswisi, kwa juhudi za Jacques Tschumi, kilifungua shule ya hoteli Lausanne, nayo ilianza ndani ya hoteli yenyewe, Hôtel d'Angleterre ya Ouchy, kando ya ziwa, mwanafunzi akisoma hesabu na lugha penye harufu ya mchuzi unaopikwa kwa ajili ya wageni wa kweli. Wamarekani walifuata njia yao. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Cornell kilikubali kufundisha uongozi wa hoteli, kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Howard Meek, na waliochukia mpango huo hawakuwa maprofesa peke yao, kwani Ellsworth Statler, tajiri wa hoteli aliyeingia katika kazi ya hoteli kwa kubeba mizigo ya wageni, hakuona faida yoyote ya kumsomesha kijana jambo ambalo angelijifunza kwa kulifanya. Wanafunzi hawakubishana naye. Tangu mwaka 1926 walikuwa wakigeuza chuo kuwa hoteli yao wenyewe kwa siku chache kila mwaka, wakiiendesha toka jikoni hata mapokezi, na Statler alipokuja akaandaliwa na kuhudumiwa, aligeuka. Mali aliyoiacha alipofariki mwaka 1928 ndiyo iliyokuja kujenga jengo la mafunzo lenye hoteli yake, lililofunguliwa mwaka 1950. Kilichomshinda mzee yule, naona mimi, kilikuwa ni chakula cha jioni kilichofika mezani kikiwa moto.

Afrika ya Mashariki ilipopata uhuru, hoteli zilikuwa nyingi na mameneja wenyeji walikuwa haba. Tanganyika iliangalia porini kwanza: chuo cha Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1963 kuwafunza wasimamizi wa wanyamapori. Mjini Dar es Salaam, klabu ya Waingereza iliyokuwa karibu na bandari, ambayo Mwafrika aliingia kwa mlango wa watumishi, ikafanywa hoteli ya Forodhani na kuwa mahali pa kuwafundishia vijana wa nchi kazi ya hoteli. Kisasi hicho kitamu cha historia hakikudumu, kwa kuwa jengo lilikabidhiwa baadaye Mahakama ya Rufani, na mafunzo yakahama. Leo yamo mikononi mwa Chuo cha Taifa cha Utalii na kampasi zake za Dar es Salaam na Arusha.

Kenya ilifanya jambo la akili kubwa zaidi, nalo lilikuwa jambo la fedha. Kwa sheria ya hoteli na mikahawa, ushuru wa mbili kwa mia ulitozwa katika hesabu za hoteli na mikahawa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, hata mgeni aliyelipa shilingi 100 za malazi akawa amechangia shilingi 2 za kumsomesha atakayemhudumia mgeni ajaye. Kwa mapato hayo na kwa msaada wa serikali ya Uswisi, Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1975 katika barabara ya Thika, Nairobi, nacho hakikujengwa bila hoteli: ndani ya uwanja wa chuo ikawekwa Utalii Hotel, yenye vyumba zaidi ya 50, inayopokea wageni walipao kama hoteli nyingine yoyote. Mwanafunzi wa hapo alifundishwa kufunga kona ya shuka asubuhi na kuhukumiwa na mgeni usiku. Aliyesomea upishi alivaa sare nyeupe isiyo na doa, akakaguliwa kucha kabla ya kukaguliwa kisu. Aliyesomea mapokezi aliamka saa kumi za usiku kumpokea msafiri aliyecheleweshwa na ndege, akacheka naye ilhali usingizi unamla. Wahitimu wake walienea Mombasa, Malindi, Zanzibar, Kampala na Arusha, kisha wakavuka bahari kwenda Ghuba, na kwa muda mrefu ilitosha mtu kusema ametoka Utalii; hakuulizwa swali la pili.

Zanzibar iliingia katika shughuli hii kwa shida zaidi kuliko kwa mapenzi. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980, serikali ililazimika kumtafuta mgeni wa ufukweni, na chuo cha hoteli na utalii kikawekwa Maruhubi, jirani na magofu ya kasri aliyoijenga Seyyid Barghash na ambayo iliungua mwaka 1899. Mwaka 2016 taasisi hiyo ilitiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Maruhubi ikawa kampasi.

Zama za shahada zilikwisha fika bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha utalii kwa daraja la shahada, vikafuata Maseno, Kenyatta, Pwani ya Kilifi na vingine. Chuo cha Utalii chenyewe kikashirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi. Na Mweka, iliyoanza kwa wanyamapori, ikaongeza masomo ya utalii. Faida yake ni dhahiri, wala simo katika wanaoidharau. Mwenye kusoma uchumi wa safari, sheria ya mikataba, hesabu za gharama ya chakula na athari za hoteli juu ya maji ya kijiji ataona mambo ambayo mpishi aliyekulia jikoni hakupewa nafasi ya kuyaona, na bila watu wa namna hiyo nafasi za juu za hoteli zetu zingeendelea kujazwa na wageni waletwao kwa ndege, kama zilivyojazwa kwa miaka mingi.

Lakini vyuo vikuu vingi vilichukua darasa vikaacha jiko. Jiko la mafunzo ni ghali, gesi ni ghali, na mayai yanayovunjwa na wanafunzi 80 wanaojifunza kutengeneza mchuzi mmoja ni ghali mno. Ubao na projekta ni rahisi. Kwa hiyo mazoezi yakasukumwa nje, kwenye fildi, miezi michache katika hoteli isiyo ya chuo, ambako kijana wa mwaka wa tatu hupewa kufyonza vumbi kwenye zulia la ukumbi kwa kuwa hakuna aliye na wasaa wa kumfundisha jingine, akarudi na ripoti nzuri iliyopigwa muhuri. Na kwa kuwa kanuni za vyuo vikuu humtaka mwalimu awe na shahada ya juu, mpishi wa Lamu ajuaye kupalia wali wa watu mia mbili hawezi kusimama mbele ya darasa hilo ila kama mgeni mualikwa, ilhali mwenye shahada ya uzamili ambaye hajapata kupika wali hata wa nyumbani kwake anaweza kulifundisha hata astaafu.

Marekebisho yaliyopo sasa yametoka upande usiotazamiwa, chini na si juu. Katika Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ikisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, iliweka utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao kwa huo mpishi au mhudumu wa hoteli aliyejifunza kazini huletwa mbele ya mtahini, akapika na kuhudumia akiangaliwa, na akifaulu hupewa cheti cha serikali pasipo kupitia darasani. Cheti hicho humfungulia mlango wa vyuo vya ufundi. Mlango wa chuo kikuu, kama mwanafunzi na hata zaidi kama mwalimu, bado una masharti mengine, na wanaoyatunga ni wale waliosoma juu ya takrima kabla ya kuifanya.