Miaka Mia ya Kutafuta Kiota

Muyeye, mjini Malindi, mnana hajifichi. Viota vyake vinaning'inia minazini, na dume, mwili wa manjano na kichwa cha rangi ya chungwa, huchana kuti bichi, akaruka na ile chane nyembamba na kuisuka kwa mdomo huku miguu ikiwa juu. Akimaliza hupigapiga mbawa chini ya kiota mpaka jike aje kukagua.

Jamaa yake wa msituni aliwatoa watu jasho kwa karne nzima.

Mwaka 1913 Mwingereza Stephenson Clarke alimtangaza kwa wanasayansi kwa jina la Ploceus golandi, akimuenzi nduguye, Goland. Wengi humwita kwera wa Clarke. Dume ana kichwa na mgongo mweusi, tumbo manjano. Jike ni wa kijanikijani juu, manjano chini. Duniani kote anaishi Kilifi tu: katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini mwa Malindi, na katika misitu ya Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Mahali pake ni vileleni mwa miti ya mirihi. Huko hupita kwa makundi, akipekua matawi kutafuta wadudu, na anayemfuata kwa darubini huishia kuumwa na shingo.

Lakini anataga wapi? Makinda yaliwahi kuonekana yakilishwa, ila kiota hakuna. Kwa kuwa ndege mwenyewe ni wa juu mirihini, ilikuwa rahisi kudhani kwamba na nyumba yake iko huko huko.

Jibu lilipatikana Machi 2013. Fleur Ng'weno, mtazamaji ndege mkongwe wa shirika la Nature Kenya, alikuwa Dakatcha pamoja na wenyeji wa kikundi cha kuhifadhi misitu hiyo. Viota walivikuta chini kabisa, katika kinamasi kinachojaa nyakati za mvua, vimefungwa kwenye majani ya jamii ya ndago yaliyosimama majini. Ndege wa vileleni alikuwa anashuka kutaga karibu na vyura! Bila wenyeji wanaojua vidimbwi vya kwao, pengine mtu angekuwa bado anakodolea mirihi.

Arabuko-Sokoke ni hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni. Dakatcha haikupata ulinzi wa namna hiyo: mirihi inakatwa makaa, na mashamba ya mananasi yanazidi kusogea. Miaka michache kabla ya viota kuonekana, kulikuwa na mpango wa kufyeka maelfu ya hekta huko ili kupanda mibono kaburi ya kukamuliwa mafuta ya magari ya Ulaya. Wakazi na wahifadhi waliupinga mpaka ukakwama. Ungepita, huenda kinamasi kile kingeharibika kabla mtu yeyote hajajua kilikuwa na nini.