Vibano vya mbao vya kujitengenezea kwa mashine ndogo ya kukereza

Msikilizaji, fundi akishapata mashine ndogo ya kukereza mbao, swali linalofuata ni moja: kipande atakishikaje? Kibano cha chuma cha dukani, kile cha meno manne, ni ghali. Lakini viwili vya mbao unaweza kujitengenezea kwa mashine hiyohiyo.

Anza na sahani ya chuma yenye matundu, inayofungwa kwenye mhimili unaozunguka. Funga juu yake gogo fupi la mti mgumu uliokauka vizuri, kama mninga, kwa skrubu nne. Nyuzi za mti zikielekea kwenye sahani, skrubu ziingie ndani ya gogo sentimita 4 au zaidi, maana upande huo hazishiki sana. Likereze hadi liwe duara, kisha chimba shimo la kina cha sentimita 1 hivi, mdomo ukiwa mpana kidogo tu kuliko chini. Kipande cha kumalizia, tuseme kifuniko cha kikopo, kinagongwa humo kwa kiganja hadi kigome. Kikilegea, tia karatasi.

Uzuri wake ni kwamba shimo limechongwa likiwa kwenye mashine, kwa hiyo katikati yake ndiyo katikati ya mhimili, na kipande hakiyumbi. Ukilifungua gogo kwenye sahani unaupoteza usahihi huo, basi afadhali lisifunguliwe kabisa. Likilazimu, piga kwanza alama kwenye gogo na kwenye sahani ili virudi vilevile. Masika mbao hufura. Shimo likipinda, likereze tena kidogo.

Kwa mipini na vijiti, toboa gogo jingine katikati, kisha likate kwa msumeno mifereji miwili inayopishana kama msalaba, isifike kwenye sahani. Unapata vidole vinne. Vizungushie klipu ya bomba la maji, uikaze kwa bisibisi. Hapa nyuzi za mti lazima ziende kwa urefu wa gogo. Zikienda kwa upana, vidole vitakatika. Mkia wa klipu ufunike kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, unachana ngozi vibaya.

Sasa hatari. Kipande chenye upana wa sentimita 20, kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilometa 38 kwa saa, mwendo wa bodaboda kabisa. Vibano hivi ni vya vitu vidogo. Zungusha kwanza kwa mkono, washa kwa mwendo wa chini ukiwa umesimama pembeni, na uegemeze ncha ya nyuma kila inapowezekana. Vaa miwani ya kazi. Ya jua haitoshi. Glovu vua, mikono ya shati ikunje.

Gogo likionyesha ufa, hata mwembamba kama unywele, lipeleke jikoni likapikie chai.