Bunduki ya Gurudumu na Darubini

Wasomaji wetu waijua bastola yenye gurudumu la matundu ya risasi. Samuel Colt wa Marekani aliunda na bunduki ndefu za namna hiyo, na mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walipewa walenga shabaha wa Kanali Berdan. Hawakuzipenda. Pengine moto wa tundu moja uliwasha baruti ya matundu jirani, na ole wake mkono wa kushoto ulioshika mbele! Mwaka ule ule wakapewa za Sharps. Darubini zilifungwa juu ya bunduki nzito za risasi moja moja. Siku hizi wako wazifungao juu ya bunduki fupi za gurudumu, zilizofanyizwa upya kwa mfano wa kale. Sisi twaona shaka: penye mwanya kati ya gurudumu na mtutu hutoka moto na masizi, na kioo ki karibu, na jicho nyuma yake.