Mwamba na Nakala: Uwekaji Kumbukumbu wa Michoro ya Miambani Kondoa tangu 1951

Ludwig Kohl-Larsen alikwisha kuandika kuhusu michoro ya miambani ya Tanganyika katika miaka ya 1930. Hata hivyo, kazi iliyoweka msingi wa utafiti wa Kondoa ni ile ya mwaka 1951, ambapo Mary na Louis Leakey waliorodhesha maeneo 186 na kunakili takribani picha 1,600. Karatasi angavu ilitandazwa juu ya mwamba, mistari ikafuatishwa, kisha nakala ikapunguzwa ukubwa na kutiwa rangi. Kitabu kilichotokana na nakala hizo kilichapishwa mwaka 1983, miaka 32 baadaye.

Ubora wa kazi hiyo haubishaniwi. Hata hivyo, kunakili ni kuchagua. Watafiti wa awali walivutiwa zaidi na picha nyekundu za wanyama na watu. Picha nyeupe za baadaye, zinazohusishwa na wakulima, zilionekana duni. Kwa kuwa rangi inazidi kufifia, kisichonakiliwa leo huenda kisiwepo tena cha kunakiliwa kesho.

Ulinganisho na Usukuma, ambako Didia ipo, unaangaza jambo hili. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha michoro ya kuta za nyumba za chama cha waganga wa nyoka. Cory alikuta wenye michoro wakiwa hai, akaandika picha pamoja na maelezo yake. Kondoa ilidhaniwa kuwa haina wa kuulizwa.

Dhana hiyo ilichelewa kusahihishwa. Fidelis Masao, katika kazi yake ya 1979, aliihusisha michoro na masalia ya Zama za Mwisho za Mawe aliyoyachimba. Imogene Lim, katika tasnifu yake ya 1992 kuhusu Usandawe, alihamisha swali kutoka kwenye picha hadi mahali ilipochorwa. Kisha Emmanuel Bwasiri (2008) akachunguza Mungumi wa Kolo, miaka miwili baada ya Kondoa kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo matambiko yanaendelea, yakiwemo ya kuomba mvua, na pombe humwagwa mwambani. Kwa mhifadhi, doa la pombe juu ya picha ni uharibifu. Kwa wanaotambika, mwamba usiopewa pombe ndio uliotelekezwa.