Konono N°1: muziki wa waliohama ulivyopokelewa nyumbani na ng'ambo

MUHETO, MASISI. Familia ikikimbia vita inabeba watoto, sufuria, blanketi, na kukiwa na bahati, redio. Ngoma inabaki nyumbani. Ndiyo maana leo tunawaletea historia ya Konono N°1 ya Kinshasa. Muziki wa kundi hilo ulikomaa kati ya watu waliohama vijiji vyao, na miaka mingi baadaye albamu yake iliwashangaza wapenzi wa rock huko Ulaya na Marekani.

Mwanzilishi ni mzee Mingiedi Mawangu, Muzombo, kabila la upande wa mpaka wa Angola. Alizaliwa karibu mwaka 1930, na kazi yake ilikuwa dereva wa malori. Muziki wa asili wa Bazombo ulipigwa kwa baragumu za pembe za tembo. Mzee Mingiedi aliuhamishia kwenye likembe, kile chombo kidogo chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Katika miaka ya 1960 alikuwa tayari na kundi lake Kinshasa.

Lakini mji una kelele. Likembe inasikika vizuri kijijini. Kinshasa magari na baa zinaimeza. Pesa za kununua vyombo vya kisasa hazikuwepo. Basi wakatoa sumaku kwenye vyuma vya magari mabovu, wakatengeneza mikro zao wenyewe, wakaunganisha na vipaza sauti vya zamani vya wakati wa Wabelgiji. Sauti ikatoka kubwa, ila yenye mkwaruzo. Hawakuukataa mkwaruzo huo. Likembe ya kijijini nayo hufungwa vipete vya chuma ili ivume, kwa hiyo sikio la mzee halikuuona kuwa kitu kigeni.

Wasikilizaji wa kwanza walikuwa majirani na ndugu waliotoka upande mmoja naye, kwenye arusi na matanga. Hao hawakuandika maoni yao popote. Walicheza mpaka usiku sana, na kesho yake wakaita kundi tena. Wakati huohuo waliotawala soko la Kinshasa walikuwa mastaa wa rumba, na baadaye ndombolo.

Mwaka 1978 kundi lilirekodiwa kwa ajili ya redio ya Ufaransa, na baadaye sauti hizo zikachapishwa. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, alizisikia, akaenda Kinshasa mwaka 1989 kulitafuta kundi, asilipate. Alilipata mwaka 2000. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu Congotronics, iliyorekodiwa Kinshasa kwa kompyuta ndogo ya mkononi.

Hapo maneno yakawa mengi. Wachambuzi wengi wa ng'ambo waliisifu, wakailinganisha na tekno na rock ya majaribio, kana kwamba mzee wa zaidi ya miaka 70 alikuwa amesikiliza disko za Ulaya. Mwaka 2006 redio ya BBC ikalipa kundi zawadi ya wanamuziki wapya. Wapya! Kundi lilikuwa na umri wa karibu miaka 40. Lilikuwa jipya kwa masikio ya waliotoa zawadi tu.

Wanamuziki wenzao walikwenda mbali kuliko wachambuzi. Mwaka 2007 Björk wa Iceland aliwaalika kwenye albamu yake Volta. Mwaka 2011 bendi za rock za kujitegemea kama Deerhoof ya Marekani zilipanda jukwaa moja na Konono N°1 na Kasai Allstars. Kazi yao ilitoka kuwa albamu mwaka 2022. Jina lake ni swali lililosikika sana kwenye mazoezi: pigo la kwanza liko wapi? Wageni walihesabu mdundo huku, Wakongomani wakauhesabu kule, na wimbo ukaendelea. Kuuliza hivyo ni heshima kuliko kusifu kitu usichokielewa.

Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015. Mwanawe Augustin aliendelea na kundi.

Sisi wa Masisi na Walikale tuna mfano wetu. Mwaka 1956 mzee Rureke wa Banyanga, huko Walikale, aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, watu wakimwitikia na kumpigia mdundo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, aliwasimamia walioandika maneno yake, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969. Leo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanaisoma. Wangapi kati ya watoto wetu walio kambini wamewahi kuisikia?

Ndugu msikilizaji, kambini kuna bibi na babu wenye nyimbo za kulea, za kulima na za matanga. Wakiondoka bila kuzifundisha, zinaondoka nao. Usingoje mgeni aje kuzitafuta kwa miaka 11, kama Kenis. Simu ya kawaida inarekodi. Muombe mzee ruhusa, taja jina lake, kijiji alichotoka na tarehe, kisha uwasikilizishe watoto. Wakitaka kuongeza debe na madumu, waache waongeze.